Hisa ya Kampuni ya Simu Si Hisa ya Kikoba: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua

Katika Kata ya Kisawasawa, wilayani Kilombero mkoani Morogoro, neno hisa si geni. Mwanamke anayekutana na wenzake kila wiki katika kikundi cha kuweka na kukopa hununua hisa. Mkulima wa miwa aliyejiunga na Chama cha Ushirika cha Msingi cha Kilimo na Masoko, yaani AMCOS, naye hutakiwa kununua hisa ili awe mwanachama kamili. Sasa neno hilohilo linasikika kwa maana ya tatu: hisa za kampuni za mawasiliano na teknolojia, zinazouzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na katika masoko ya nchi nyingine, ambazo mtu anaweza kuzinunua akiwa ameshika simu yake chini ya milima ya Udzungwa.

Vitu hivyo vitatu vina jina moja lakini haviendi kwa kanuni moja. Mwananchi anayepeleka fedha za msimu wa miwa au mpunga kwenye hisa za soko, akidhani zitamrudia kama zinavyorudi za kikoba, anaweza kufika Januari bila ada ya shule. Kwa upande mwingine, anayezikwepa kabisa kwa hofu anajinyima njia halali ya kumiliki sehemu ya sekta ambayo yeye mwenyewe huichangia mapato kila anaponunua bando au kutuma fedha. Makala haya yanaeleza hisa hizo ni kitu gani, bei yake hutokana na nini, sheria inamlinda mwekezaji mdogo mpaka wapi, na hatua zipi zifuatwe na anayeamua kununua.

Hisa tatu, jina moja

Katika kikoba, hisa ni akiba. Wanachama huweka fedha kwa mzunguko, mara nyingi wa mwaka mmoja, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana, na mzunguko unapokwisha hugawana. Kila mmoja hupata alichoweka pamoja na sehemu ya faida. Tarehe ya kugawana inajulikana tangu mwanzo, na ndiyo maana vikundi vingi hupanga siku hiyo iangukie kabla ya sikukuu au kabla ya shule kufunguliwa.

Katika AMCOS, hisa ni uanachama. Chama huendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na kusimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Hisa za ushirika haziuzwi mnadani. Masharti ya chama ndiyo hueleza mwanachama anayejitoa atarejeshewa nini na kwa utaratibu upi.

Katika soko la hisa, hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Mwenye hisa 1,000 ana kura 1,000, na mwenye hisa milioni moja ana kura milioni moja. Kampuni ikipata faida, bodi inaweza kupendekeza sehemu yake igawiwe wanahisa kama gawio, na sehemu nyingine ibaki kwa ajili ya kupanua biashara. Kampuni isipopata faida, kwa kawaida hakuna gawio. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kampuni haina tarehe ya kumrejeshea mwanahisa fedha zake. Anayezitaka lazima ampate mtu mwingine wa kuzinunua hisa hizo, kwa bei ambayo mtu huyo yuko tayari kulipa siku hiyo.

Katika kikoba, swali la mwanachama ni lini watagawana. Katika soko la hisa, swali la mwanahisa ni nani atanunua, na kwa bei gani.

Sheria ilivyofungua mlango wa kampuni za simu

Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa kifupi DSE, lilisajiliwa mwaka 1996 na kuanza mauzo Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi za viwandani na hospitali, TOL. Kwa miaka mingi kampuni zilizojulikana zaidi sokoni zilikuwa za bia, sigara, saruji na benki. Kampuni za simu, ambazo huduma zake zilikuwa zimefika karibu kila kijiji, zilibaki nje.

Hali hiyo ilibadilika kupitia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na marekebisho yaliyofanywa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2016. Marekebisho hayo yalizitaka kampuni zenye leseni za mawasiliano kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma na kuziorodhesha sokoni. Lengo lilikuwa kuwawezesha Watanzania kuwa wamiliki wa sekta wanayoitumia, na kuzifanya hesabu za kampuni hizo ziwe wazi zaidi.

Vodacom Tanzania ndiyo kampuni kubwa ya simu iliyotangulia kutekeleza takwa hilo. Machi 2017 ilitangaza kuuza hisa 560,000,100 kwa bei ya shilingi 850 kila moja, toleo lenye thamani ya takribani shilingi bilioni 476. Halikuwa limewahi kutokea toleo la ukubwa huo katika soko la Tanzania. Awali lililengwa kwa Watanzania pekee. Muda wa kununua uliongezwa, na baadaye sheria ikarekebishwa ili wawekezaji wa nje nao waruhusiwe kushiriki. Agosti 2017 kampuni iliorodheshwa DSE. Watanzania zaidi ya 40,000 walikuwa wamenunua, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa ya soko maishani.

Wanunuzi hao waliingia na hoja iliyosikika kuwa na nguvu: kila mtu ana simu, matumizi ya intaneti yanaongezeka, fedha zinatumwa kwa simu usiku na mchana, hivyo kampuni ya simu haiwezi kushuka. Kila kipengele cha hoja hiyo kilikuwa kweli isipokuwa hitimisho lake. Katika miaka iliyofuata kulikuwa na vipindi virefu ambavyo hisa ile iliuzwa sokoni chini ya shilingi 850. Kampuni pia ilitangaza hasara kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 na ule ulioishia Machi 2022, kabla ya kurejea kwenye faida mwaka uliofuata. Wakati wote huo Watanzania waliendelea kutumia simu, tena zaidi ya awali.

Shamba zuri kwa bei mbaya

Mkulima wa bonde la Kilombero anaweza kulielewa jambo hili bila kusomea uchumi. Shamba la mpunga lenye udongo mzuri na maji ya kutosha ni shamba zuri. Lakini anayelikodi kwa bei inayozidi thamani ya magunia atakayovuna atapata hasara, na shamba litabaki kuwa zuri vilevile. Kosa lake halikuwa katika udongo, lilikuwa katika kodi aliyolipa.

Hisa za teknolojia hupimwa kwa namna hiyohiyo. Mfano, kampuni yenye hisa bilioni moja ikipata faida ya shilingi bilioni 50 kwa mwaka, kila hisa imezalisha shilingi 50. Hisa hiyo ikiuzwa shilingi 500, mnunuzi analipa sawa na faida ya miaka 10. Ikiuzwa shilingi 2,500, analipa faida ya miaka 50. Bei ya pili inaweza kuwa ya haki endapo faida itakua haraka sana. Faida isipokua kama ilivyotarajiwa, bei hushuka hata kama kampuni inaendelea kupata faida. Kwa kuwa teknolojia huambatana na matumaini makubwa, hisa zake mara nyingi huuzwa kwa bei ambayo tayari imehesabu mafanikio ambayo bado hayajatokea.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo ulitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Wawekezaji walikuwa wakijadili kwamba dunia imeingia katika zama za habari, kwamba intaneti itabadili biashara, elimu na mawasiliano. Fedha nyingi zilikimbilia kampuni za intaneti, nyingine zikiwa hazijawahi kupata faida hata mwaka mmoja. Faharasa ya soko la Nasdaq, ambayo hupima mwenendo wa bei za hisa za soko hilo lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifunga ikiwa zaidi ya 5,000 tarehe 10 Machi 2000. Kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imeporomoka hadi takribani 1,100. Ilihitaji mpaka mwaka 2015 kuipita tena alama ile ya mwaka 2000.

Waliosema intaneti itabadili dunia hawakukosea. Mwaka huohuo wa 2000, mwezi Agosti, Vodacom ilianza kutoa huduma Tanzania. Aprili 2008 ikaleta M-Pesa nchini. Mwaka 2009 mkondo wa kwanza wa intaneti unaopita chini ya bahari ukafika Dar es Salaam. Ubashiri kuhusu teknolojia ulitimia hata katika vijiji ambavyo wawekezaji wa New York hawakuwa wakivifikiria. Lakini aliyenunua hisa za Cisco, kampuni iliyotengeneza mitambo ya kuunganisha intaneti yenyewe, kwa bei ya Machi 2000, alikaa zaidi ya miaka 20 bila kuiona tena bei ile. Hisa ya Amazon nayo ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake kabla ya kuinuka na kuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani. Kampuni nyingine nyingi za wakati huo zilifungwa moja kwa moja, na wanahisa wake hawakupata kitu.

Mjadala wa leo kuhusu akili mnemba unafanana na ule wa wakati huo. Huenda teknolojia hiyo ikabadili kilimo, tiba na elimu, na bado mwananchi aliyenunua hisa zake kwa bei ya juu akapata hasara.

Funzo kutoka kwa majirani

Nchini Kenya, Serikali iliuza asilimia 25 ya hisa za Safaricom mwaka 2008. Hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa mbali, na waombaji walikuwa zaidi ya 800,000. Wapo waliokopa benki ili waombe hisa nyingi, wakitarajia kuuza haraka na kulipa mkopo. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi mno, kila mmoja alipata sehemu ndogo tu ya alizoomba, huku riba ya mkopo ikihesabiwa kwa fedha zote.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni 2008 na bei ikapanda kupita shilingi 7. Haikukaa huko. Mwanzoni mwa mwaka 2009, dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, hisa ileile iliuzwa chini ya shilingi 3. Waliokuwa na madeni walilazimika kuuza kwa hasara. Waliotumia fedha ambazo hawakuzihitaji kwa muda mrefu walikaa nazo, na mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40 za Kenya, mbali na magawio waliyopokea katikati. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, bei ilikuwa imerudi chini ya shilingi 15.

Kampuni ilikuwa moja na hisa ilikuwa moja. Kilichowatofautisha aliyepata na aliyepoteza ni aina ya fedha walizotumia na muda waliomudu kusubiri.

Mambo yanayopandisha na kushusha bei

Mwenye hisa za kampuni ya simu anapaswa kufuatilia mambo kadhaa, na mengi kati yake hutangazwa wazi.

La kwanza ni kanuni za sekta. Mfano ni usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020. Zoezi hilo lilikuwa na lengo la usalama na kupunguza utapeli, lakini laini ambazo hazikusajiliwa zilizimwa, na idadi ya wateja wa kampuni za simu ikaguswa. Mfano wa pili ni tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 na kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Wananchi walipopunguza kutuma fedha kwa simu, mapato ya kampuni nayo yalipungua.

La pili ni gharama za mtandao. Mnara mmoja vijijini huhitaji umeme, ulinzi na matengenezo, wakati wateja wake ni wachache kuliko wa mjini. Ndiyo sababu Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, huchangia ujenzi katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika maeneo ya aina hiyo nchini. Kwa mwanakijiji, mnara mpya ni habari njema siku hiyohiyo. Kwa mwanahisa, huanza kama gharama, na huchukua miaka kujulikana kama utarejesha fedha.

La tatu ni ushindani. Vifurushi vikishushwa bei, mteja hufurahi. Kampuni ikibaki na wateja walewale kwa bei ya chini, faida hupungua. Mwananchi ambaye ni mteja na pia ni mwanahisa hujikuta amesimama pande mbili za mezani.

Kununua ni rahisi, kuuza huweza kuchukua muda

Hatari isiyozungumzwa sana katika soko la Tanzania ni ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza hisa kuwa fedha taslimu. Katika masoko makubwa ya dunia, hisa za kampuni maarufu hubadilishwa mikono kila sekunde. DSE ni soko changa, na kwa baadhi ya kampuni siku hupita bila muamala wowote. Bei iliyoandikwa kwenye taarifa ya soko ni bei ya muamala wa mwisho. Haimaanishi kwamba yupo mnunuzi anayesubiri kwa bei hiyo.

Mfano, mkulima wa miwa aliyelipwa baada ya mavuno ananunua hisa 1,000 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi 850,000. Januari inakuja na anahitaji shilingi 300,000 za shule. Bei ikiwa ileile, atauza hisa 353. Bei ikiwa imeshuka hadi shilingi 770, atalazimika kuuza hisa 390 ili apate kiasi kilekile, kabla ya kukatwa ada za dalali na za soko. Asipopatikana mnunuzi wiki hiyo, ama atashusha bei zaidi, ama atakopa. Hasara katika mfano huu haisababishwi na kampuni kufanya vibaya. Inasababishwa na fedha zenye tarehe ya matumizi kuwekwa mahali pasipo na tarehe ya kurudishwa.

Kwa sababu hiyo, fedha za ada, za pembejeo, za matibabu na za marejesho ya mkopo hazifai kununulia hisa. Zina mahali pake: kikoba, benki au SACCOS. Fedha ya hisa ni ile ambayo familia inaweza kuishi bila kuigusa kwa miaka kadhaa, na ambayo ikipungua, chakula na masomo havitatetereka.

Kinacholindwa na kisicholindwa

Usimamizi wa masoko ya mitaji uko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoundwa kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Mamlaka hiyo hutoa leseni kwa madalali na washauri wa uwekezaji, huidhinisha waraka wa matarajio kabla kampuni haijauza hisa kwa umma, na huchukua hatua dhidi ya wanaokiuka sheria. Kampuni iliyoorodheshwa inalazimika kutangaza hesabu zake kwa vipindi vilivyowekwa, na mwanahisa mwenye hisa chache ana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Mwaka, kuuliza maswali na kupiga kura.

Hata hivyo, kuidhinishwa kwa waraka wa matarajio si ahadi ya faida. Maana yake ni kwamba taarifa zinazotakiwa kisheria zimetolewa, na uamuzi unabaki kwa mnunuzi. Vilevile, kinga ya amana za benki haihusu hisa. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja fidia isiyozidi shilingi milioni 7.5. Hisa ikishuka bei, hakuna chombo kinachofidia.

Zaidi ya hayo, wapo wanaotumia maneno hisa, teknolojia na uwekezaji wa kidijitali kuendesha upatu. Tanzania ina kumbukumbu ya DECI, mpango uliokusanya fedha za wananchi wengi kwa ahadi ya mavuno makubwa kabla ya kusitishwa na Serikali mwaka 2009. Siku hizi mipango ya aina hiyo huja kupitia makundi ya simu na programu zinazoonyesha salio likikua kila siku. Dalili zake hazijabadilika: faida inatajwa kwa kiwango maalumu na kwa muda mfupi, mwanachama hulipwa kwa kuleta wenzake, fedha hutumwa kwa namba binafsi, na anayetaka kutoa fedha huambiwa alipe kwanza kodi au ada ya kufungua akaunti. Hisa halali haina hata moja kati ya dalili hizo. Dalali mwenye leseni hawezi kuahidi bei ya kesho, kwa sababu haijui.

Hatua kwa anayeamua kununua

Hatua ya kwanza ni kuwa na Kitambulisho cha Taifa au namba yake kutoka NIDA, pamoja na akaunti ya benki au ya fedha kwenye simu itakayopokea magawio. Majina katika nyaraka zote yafanane. Tofauti ndogo ya herufi inaweza kuchelewesha malipo, na inaweza kuwasumbua warithi baadaye.

Hatua ya pili ni kufungua akaunti ya kuhifadhi hisa kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA. Wananchi walio mbali na ofisi za madalali, kama wa Ifakara na Kisawasawa, wanaweza kutumia huduma ya Hisa Kiganjani ya DSE inayopatikana kwa simu. Programu ipakuliwe kutoka chanzo rasmi, si kwa kiungo kilichotumwa na mtu asiyejulikana.

Hatua ya tatu ni kusoma. Kwa kampuni inayouza hisa kwa mara ya kwanza, kisomwe waraka wa matarajio, hasa sehemu inayoeleza hatari na ile inayoeleza fedha zitakazokusanywa zitafanya nini. Kwa kampuni iliyokwisha kuorodheshwa, ziangaliwe hesabu za miaka mitatu au minne: faida imekua au imepungua, gawio limetolewa au halikutolewa, madeni yameongezeka au yamepungua. Kikundi cha kikoba kinaweza kuifanya kazi hii pamoja, mwenye uelewa wa hesabu akiwasomea wengine.

Hatua ya nne ni kutoa agizo la kununua likiwa na idadi ya hisa na bei ya juu ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa, kisha kutunza uthibitisho wa muamala. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kumfikia mwanahisa, na hilo lihesabiwe mapema.

Hatua ya tano ni kuwajulisha wanafamilia. Hisa hazionekani kama shamba au nyumba. Mwenye hisa akifariki bila mtu kujua, magawio yanaweza kukaa miaka bila kudaiwa. Inatosha kuandika jina la kampuni, idadi ya hisa, dalali aliyetumika na namba ya akaunti, na kuhifadhi karatasi hiyo pamoja na nyaraka nyingine za familia.

Kwa asiyetaka kuchagua kampuni mwenyewe, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ikiwemo inayosimamiwa na UTT AMIS, taasisi ya Serikali ambayo mfuko wake wa kwanza, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005. Fedha za wawekezaji wengi hukusanywa na kutawanywa katika hisa, hatifungani na amana, na utaratibu wa kuuza vipande umewekwa na mfuko wenyewe. Thamani ya vipande inaweza kupanda au kushuka pia, lakini mwekezaji hategemei kampuni moja peke yake.

Mwananchi aliyepokea ofa ya kununua hisa za teknolojia, ziwe za ndani au za nje, anashauriwa kuthibitisha leseni ya mtoa ofa kwa CMSA kabla ya kutuma fedha. Aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa Polisi na kwa mtoa huduma wake wa simu mapema, akiwa na kumbukumbu za miamala na ujumbe alioupokea. Malalamiko dhidi ya dalali mwenye leseni hupelekwa kwanza kwa dalali mwenyewe kwa maandishi, na yasipopatiwa ufumbuzi huwasilishwa DSE au CMSA.